Namba ni ya Mtu, si ya Duka: Mazungumzo juu ya Namba ya Mlipa Kodi na Malipo ya Mafundi



Mazungumzo haya ni juu ya tarakimu tisa. Tarakimu hizo ndizo Namba ya Utambulisho wa Mlipa Kodi, ambayo wengi wameizoea kwa jina la TIN. Kusudi lake ni kueleza namna mwenye biashara yake peke yake, asiye kampuni wala ubia na mtu, anavyopaswa kuitumia namba hiyo anapomlipa fundi au mtoa huduma mwingine, na namna anavyopaswa kuiandika namba ya huyo anayelipwa. Mambo hayo mawili yakichanganywa, fedha ya mtu hupotea bila ya kuibiwa na yeyote, na aghlabu anayepoteza ni yule aliyetoa jasho.

Na tumchukue, kwa mfano, bibi mmoja mwenye nyumba ya wageni yenye vyumba sita huko Jambiani. Jina la biashara yake ameliandikisha kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, leseni anayo, na ubao wenye jina hilo umetundikwa mlangoni kwa rangi nzuri. Kabla ya msimu wa wageni kuingia amemwita fundi umeme kutoka Makunduchi abadilishe nyaya za vyumba vyote, kwa ujira wa shilingi 2,000,000. Kazi imekwisha, taa zinawaka, na fundi yupo barazani anangoja haki yake.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, ambayo inatumika pande zote mbili kwa kuwa kodi ya mapato ni miongoni mwa Mambo ya Muungano, inamtaka bibi huyo kuzuia asilimia 5 ya ujira huo. Asilimia 5 ya shilingi 2,000,000 ni shilingi 100,000. Kwa hivyo fundi atapokea mkononi shilingi 1,900,000, na ile laki moja bibi ataipeleka Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ndani ya siku 7 baada ya kumalizika mwezi aliofanya malipo. Hiyo ndiyo inayoitwa kodi ya zuio. Kisha hapana budi ampe fundi cheti kinachoonesha kiasi kilichozuiliwa, tarehe, jina na namba ya aliyezuia, na jina na namba ya aliyezuiliwa.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yote. Ile laki moja si mali ya bibi, wala si tozo juu ya nyumba ya wageni. Ni kodi ya fundi, iliyolipwa mapema kwa mkono wa mtu mwingine. Fundi mkaazi wa nchi anayepeleka hesabu zake za mwaka atahesabiwa kuwa laki hiyo ameshailipa, na kodi yake itapunguzwa kwa kiasi hicho. Lakini itahesabiwa hivyo iwapo tu imeingia katika namba yake. Ikiingia penginepo, daftari la kodi litamwona fundi kama mtu asiyelipa kitu, na litamdai tena.

Sasa bibi ameketi na karatasi zake. Anaulizwa namba ya mlipaji. Mbele yake zipo namba nne au tano: ya cheti cha jina la biashara, ya leseni, ya kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, ya usajili wake katika Mamlaka ya Mapato Zanzibar (ZRA), ambayo ndiyo iliyoshika nafasi ya iliyokuwa Bodi ya Mapato, na mwisho ile ya TRA. Zote ni halali na kila moja ina kazi yake, lakini kwa kodi hii ya zuio inayotakiwa ni moja tu, nayo ni ile ya tarakimu tisa ya TRA. Wapo walioandika namba ya leseni wakaona wametimiza wajibu. Wapo pia waliokwenda kuomba TIN ya pili kwa jina la nyumba ya wageni, wakidhani kwamba ubao ulioandikwa jina jipya mlangoni umezaa mlipa kodi mpya.

Haukuzaa. Jina la biashara si mtu mbele ya sheria. Mwenye biashara ya mtu mmoja akifungua duka la vitambaa Darajani, akaongeza karakana ya useremala Mwanakwerekwe, na akamiliki gari ya abiria ya kwenda Mkokotoni, hata kama kila moja ina jina lake lililosajiliwa, mlipa kodi ni mmoja na TIN ni moja. Mapato ya shughuli zote tatu yanakutana katika namba hiyo, na malipo yote anayowalipa mafundi wa shughuli hizo tatu yanaarifiwa kwa namba hiyo hiyo. Jina la biashara huandikwa pembeni kama maelezo tu.

Hali ni nyingine kwa kampuni. Siku mwenye duka atakapoisajili kampuni, amezaliwa mtu mwengine wa kisheria, na mtu huyo hupewa TIN yake mwenyewe, hata kama mwenye hisa mkubwa ni yule yule, anakaa kiti kile kile na anatumia ufunguo ule ule. Kuanzia hapo fundi wa kampuni huarifiwa kwa namba ya kampuni. Ubia vile vile una namba yake, mbali na namba za washirika. Ni jambo la kusikitisha kuona watu waliokwisha kuanzisha kampuni wakiendelea miaka kuzuia kodi kwa namba zao binafsi kwa kuwa ndiyo waliyoihifadhi kichwani.

Kuna wengine walioipata TIN zamani kwa sababu isiyokuwa ya biashara, mathalan walipohitaji leseni ya udereva au kusajili chombo cha moto huko Bara. Baadhi yao, wanapoanza biashara, huona aibu au hofu kuitaja namba ile, wakatafuta nyingine. Hapana haja. Namba ni ile ile maisha yote; kinachobadilika ni taarifa zake. Mtu huenda TRA akaeleza kwamba sasa anafanya biashara gani na wapi, na namba yake ikaingizwa katika shughuli hiyo. Asiyekuwa nayo kabisa anatakiwa aiombe ndani ya siku 15 tangu kuanza biashara, na kuipata hakuna malipo. Anayedaiwa fedha na mtu wa njiani kwa ajili ya "kufanyiwa TIN" analipia kitu kinachotolewa bure.

Turudi barazani Jambiani, maana fundi bado anangoja.

Bibi amemuuliza namba yake. Fundi amekuna kichwa, akasema hana, lakini mtoto wa dada yake anayo, naye ni mtu wa kuaminika, aandike hiyo. Ni ombi linalotolewa kwa nia njema, na kwa kawaida za visiwani, ambako watu huazimana ngalawa, ng'ombe wa kulimia na hata nguo ya harusi, kuazimana namba huonekana jambo dogo. Lakini na tutazame kinachofuata. Laki moja itaingia katika hesabu ya mpwa. Mpwa, ambaye anauza simu Chake Chake na hajapata kushika waya wa umeme, ataonekana amefanya kazi ya shilingi milioni mbili Jambiani. Mapato yake yataonekana makubwa kuliko yalivyo, na huenda akaitwa aeleze mapato ambayo hakuyatangaza. Fundi kwa upande wake hatakuwa na cheti chenye jina lake, na akitaka baadaye kuingia katika zabuni ya skuli au kituo cha afya, ambako huulizwa rekodi ya kodi, atakuwa kama mtu aliyeanza kazi jana, ingawa ana miaka 20 juu ya ngazi. Watu wawili wameingia katika matatizo, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekusudia kudanganya.

Hofu ya fundi si ya kupuuzwa. Amesikia kwamba ukitoa namba, Serikali itakuandama. Tena si uongo kwamba mafundi wengi wamekwisha kuzungushwa katika ofisi za umma kwa neno la "njoo kesho", na mtu anayelipwa kwa siku hana kesho nyingi za kupoteza. Watumishi wanaosikiliza mazungumzo haya wanalijua hilo, na inafaa walitengeneze. Lakini kuhusu fedha hizi hasa, hofu hiyo inamgeukia mwenyewe. Asilimia 5 imekwisha kukatwa. Hawezi kuikwepa kwa kuificha namba. Anachoweza kufanya kwa kuificha ni kuitupa.

Kuna hila nyengine inayojulikana, nayo ni kupatana kwamba sehemu ndogo ya ujira iandikwe na iliyobaki ilipwe mkononi bila ya karatasi. Mwenye biashara anayekubali hila hiyo hujidhuru mara mbili. Kwanza, malipo yasiyokuwa na ushahidi atashindwa kuyaonesha kuwa ni gharama za biashara yake anapotengeneza hesabu ya mwaka. Pili, sheria inasema aliyepaswa kuzuia kodi na asizuie anawajibika kuilipa yeye. Akigunduliwa, ile laki moja inadaiwa kwake, pamoja na riba ya kuchelewa, na fundi wakati huo ameshamaliza nyumba nyingine tatu na namba yake ya simu haipatikani. Ana haki ya kumdai fundi, lakini kudai na kupata ni mambo mawili.

Dawa ya yote haya ni kubadilisha wakati wa kuuliza. Namba isiulizwe siku ya malipo, wakati kila mtu ana haraka. Iulizwe siku ya mapatano, kabla ya ngazi kuegemezwa ukutani. Mwenye biashara amwombe fundi jina lake kamili kama lilivyo katika usajili wa TRA na namba yake ya TIN, aviandike katika karatasi ya mapatano, na aihakiki namba hiyo, kwani TRA ina huduma ya kuhakiki namba kwa njia ya mtandao. Asiyekuwa na simu ya kufanyia hivyo anaweza kuuliza ofisini. Jina likitofautiana, hata kwa herufi, ni heri swali liulizwe siku hiyo kuliko mwakani. Visiwani kuna watu wengi wenye majina matatu yanayofanana, na namba ndiyo inayowatenganisha.

Siku hiyo hiyo ya mapatano inafaa pia itenganishwe bei ya vifaa na ujira wa kazi. Kodi ya zuio inayozungumzwa hapa ni ya ujira wa huduma. Ikiwa bibi amenunua nyaya na soketi mwenyewe dukani, fedha hiyo haimo. Fundi akileta ankara moja ya jumla isiyotenganisha chochote, anajitafutia kukatwa hata katika bei ya waya alioununua kwa fedha yake. Kazi za ujenzi mkubwa zina kanuni zake za kugawa vifaa na kazi, na mwenye mkataba wa namna hiyo aulize TRA kabla ya kusaini.

Hapa kuna swali ambalo wenye nyumba huuliza kila mara: je, mtu anayejenga nyumba yake ya kuishi naye azuie? Hapana. Sheria inamwondoa mtu binafsi asiyelipa kwa ajili ya biashara. Mwalimu anayeezeka nyumba yake Wete, au mjane anayetengeneza kisima cha nyumbani kwake, hawana wajibu wa kuzuia asilimia 5 ya fundi wao. Wajibu huo unamshika mwenye biashara kwa malipo ya biashara hiyo. Bibi wa Jambiani akimwita fundi yule yule atengeneze umeme wa nyumba anayolala mwenyewe na wanawe, malipo hayo hayamo; ya vyumba vya wageni ndiyo yaliyomo. Kwa hivyo asichanganye kazi mbili katika ankara moja.

Kinyume chake kipo pia. Wapo wenye biashara wanaomwita "fundi" mtu ambaye kwa kweli ni mwajiriwa wao: anafika saa moja asubuhi kila siku, anatumia vyombo vya mwenye duka, anaamrishwa la kufanya, na analipwa kila mwisho wa mwezi. Kumkata mtu huyo asilimia 5 na kumwandikia cheti cha zuio hakumgeuzi kuwa mkandarasi. Huyo ni wa kukatwa kodi ya mshahara kwa viwango vyake, na kuchangiwa katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar. Anayemficha chini ya jina la fundi anamnyima kiinua mgongo chake.

Ikiwa fundi si mkaazi wa Tanzania, tuseme ni mchoraji ramani wa Mombasa aliyeletwa kwa ajili ya ukumbi mpya wa chakula, kiwango cha zuio kwa ujira wa huduma ni asilimia 15 na si 5. Wenye nyumba za wageni wa pwani ya mashariki, ambao huagiza watu kutoka nchi nyingi, walizingatie hilo tangu siku ya kupatana bei, kwa sababu mgeni aliyekwishaahidiwa kiasi kamili hatakubali kukatwa mwishoni.

Na kwa watumishi wa Serikali, hasa wahasibu wa wizara na ofisi za wilaya, maneno haya yanawahusu kama yanavyomhusu bibi. Mama anayepika chakula cha semina, kijana anayetengeneza mitambo ya baridi, na fundi anayepaka rangi ukumbi wa mkutano, aghlabu ni watu wa biashara ya mtu mmoja. Wanakatwa kwa haki, kisha vyeti vyao hubakia katika faili la malipo hadi karatasi zinageuka rangi. Cheti si hisani anayofanyiwa mtu akija kuomba mara tatu. Ni risiti ya fedha yake, na kwa yule mama ndiyo njia pekee ya kuonesha, anapopeleka hesabu zake kabla ya tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata, kwamba ameshalipa. Mhasibu aliyeandika "Mama Lishe" katika nafasi ya jina na akaacha nafasi ya namba wazi, ameipeleka fedha ya watu mahali ambapo mwenyewe hawezi kuifikia.

Limebaki suala la marehemu, ambalo halitajwi sana kwa sababu ya haya. Baba amefariki, ameacha duka na jina la duka. Watoto wameendelea, jambo jema, na wameendelea vile vile kutumia TIN ya baba: wananunua kwa namba hiyo, wanawalipa mafundi na kuarifu zuio kwa namba hiyo, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano. Warithi hurithi duka, bidhaa na hata madeni kwa utaratibu wake, lakini hawairithi namba. Msimamizi wa mirathi anapaswa kuiarifu TRA juu ya kifo, na mtoto atakayeendeleza biashara aiendeleze kwa namba yake mwenyewe. Familia nyingi huligundua jambo hili siku ya kugawana, pale hesabu za miaka mitano zinapokutwa katika jina la mtu aliyekwisha zikwa, na ndugu wakaanza kutazamana kwa jicho la wasiwasi, kila mmoja akiuliza kodi ile ililipwa kwa niaba ya nani.

Aliyekwisha kukosea namba asikae kimya. Achukue nakala ya cheti, stakabadhi ya malipo ya benki na karatasi ya mapatano, afuatane ikiwezekana na fundi mwenyewe, waende katika ofisi ya TRA inayowahudumia, Unguja au Pemba, waombe kwa maandishi kosa lirekebishwe, na wabaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Kumbukumbu zote za malipo ya mafundi zihifadhiwe si chini ya miaka 5. Kwa hewa ya chumvi ya visiwani ni heri ziwekwe katika mfuko wa plastiki ndani ya kabati kuliko juu ya makabati, ambako mende huzimaliza kabla ya mkaguzi kufika.

Ama yule fundi wa Makunduchi, bibi amemlipa sehemu, na zilizobaki amezifunga katika bahasha. Wamekubaliana kwamba Jumatatu fundi atakwenda mjini kuomba namba, na akirudi nayo ataandikiwa cheti kwa jina lake na kukabidhiwa bahasha. Malipo ya mwezi huo yanatakiwa yafike TRA tarehe 7 ya mwezi unaofuata, na siku bado zipo.